Nyumba ya rehani inaponadiwa: Kipi mwenye nyumba aondoke nacho, kipi akiache

Tangazo la mnada linapobandikwa ukutani, au linapochapishwa gazetini likiwa na jina la mmiliki na namba ya kiwanja, familia nyingi huanza kuhesabu vitu kabla ya kuhesabu siku. Milango ya mninga, magrili ya madirisha, kiyoyozi cha chumbani, tangi la maji lililo juu ya mnara. Yote hayo yalilipiwa kwa fedha ya mwenye nyumba, na wazo la kumwachia benki au mnunuzi asiyejulikana huwa chungu.

Ndipo hutokea mnunuzi kukabidhiwa nyumba isiyo na vitasa, masinki wala swichi za umeme, na mahali palipokuwa na geti pakabaki nguzo mbili zilizobomolewa.

Kwa upande mwingine, zipo familia zinazotoka na nguo za mwilini tu, zikiamini kuwa kila kilichomo ndani ya kuta nne kimekwisha kuwa mali ya benki. Makundi yote mawili hukosea, na kila moja hulipia kosa lake kwa fedha.

Jambo la kwanza linalosahaulika ni kwamba nyumba iliyowekwa rehani haijahamia mikononi mwa benki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, inasema rehani ni dhamana tu, na haihamishi haki ya ardhi kutoka kwa mkopaji kwenda kwa mkopeshaji. Hadi siku ya kuuzwa, mkopaji anabaki kuwa mwenye nyumba, na akilipa deni lake lote pamoja na gharama, rehani inaondolewa.

Alichokubali mkopaji ni kutoipunguza dhamana hiyo kwa mikono yake. Sheria huingiza katika kila mkataba wa rehani, hata kama wahusika hawakuliandika, sharti la mkopaji kuyatunza na kuyakarabati majengo na maendelezo mengine yaliyomo katika ardhi aliyoiweka dhamana. Mikataba ya benki nayo huongeza masharti yake, mara nyingi kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza, lugha ambayo wakopaji wengi hutia saini bila kusomewa.

Sheria hiyo hiyo inatafsiri ardhi kuwa ni pamoja na uso wa nchi na kilicho chini yake, isipokuwa madini na mafuta. Vitu vinavyoota juu yake. Na majengo na miundo mingine iliyoambatishwa kwa kudumu. Kwa hiyo, aliyeweka rehani kiwanja chake ameweka pia nyumba, uzio, choo cha nje na mwembe ulio uani, hata kama karatasi ya mkopo inataja namba ya hati peke yake. Maneno mawili katika tafsiri hiyo, "kwa kudumu", ndiyo yanayozaa takriban ubishi wote.

Hukumu ya mwaka 1872

Sheria haikutaja kitu kimoja kimoja. Hakuna orodha inayosema pangaboi ni la nani au kabati ni la nani. Jibu linatafutwa katika hukumu za kale za Uingereza, ambazo zina nguvu nchini kwa sababu sheria inayoongoza matumizi ya sheria, Sura ya 358, inazielekeza mahakama kufuata misingi iliyojengwa na majaji wa Uingereza kama ilivyokuwa Julai 22, 1920, pale ambapo hakuna sheria iliyotungwa nchini kuhusu jambo hilo na kwa kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu. Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya tarehe hiyo hazifungi mahakama za Tanzania, lakini huweza kuzishawishi.

Hukumu inayotajwa kuliko zote katika suala hili ni ya Holland dhidi ya Hodgson. Mwenye kiwanda cha kufuma nguo alikuwa amekiweka rehani kiwanda chake. Mitambo yake ya kufumia ilikuwa imesimamishwa sakafuni kwa misumari iliyopigiliwa katika vipande vya mbao vilivyochomekwa kwenye sakafu ya mawe, na iliweza kung'olewa bila taabu kubwa. Alipofilisika, mitambo ikauzwa kwa manufaa ya wadai wengine. Aliyekuwa na rehani akadai kuwa mitambo ilikuwa sehemu ya jengo lake la dhamana, naye akashinda.

Katika shauri hilo Jaji Blackburn aliweka maswali mawili ambayo hadi leo mawakili huyauliza. La kwanza, kitu kimeshikizwa kwa kiasi gani? La pili, kilishikizwa kwa kusudi gani: kuliboresha jengo kwa kudumu, au kukiwezesha chenyewe kitumike vizuri zaidi kama kitu?

Alitoa mifano miwili ambayo hata fundi wa mtaani angeielewa. Mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine bila saruji, yakawa ukuta wa shamba, ni sehemu ya ardhi. Mawe hayo hayo yakirundikwa katika uwanja wa muuza mawe yakisubiri mteja, ni bidhaa tu. Nanga ya meli inaweza kuzama ardhini na kushika kwa nguvu kuliko mlango wowote, lakini hakuna atakayesema kuwa nanga imekuwa sehemu ya nchi.

Kutoka hapo hupatikana kanuni ya ushahidi yenye uzito mkubwa siku ya mabishano. Kitu kilichofungwa kwenye jengo, hata kwa skrubu chache, huchukuliwa kuwa sehemu ya jengo, na anayedai vinginevyo ndiye athibitishe. Kitu kinachokaa kwa uzito wake chenyewe huchukuliwa kuwa kinahamishika, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayesema ni sehemu ya jengo.

Ni muhimu kutambua pia kwamba tarehe ya kununua haileti tofauti. Mwenye nyumba aliyefunga geti jipya au kuezeka upya miaka 3 baada ya kuchukua mkopo, kwa fedha ambayo haikutoka benki, ameongeza thamani ya dhamana ile ile. Risiti ya dukani inathibitisha nani alilipa. Haithibitishi kuwa geti linaweza kung'olewa.

Kutoka getini hadi jikoni

Nje ya nyumba mambo mengi ni rahisi. Geti, uzio, magrili, matofali madogo yaliyopangwa uani, kibanda cha mlinzi kilichojengwa kwa saruji na shimo la maji taka ni sehemu ya dhamana. Bati, mbao za paa, milango na fremu zake, madirisha ya alumini na dari ya jipsamu navyo havigusiki. Vivyo hivyo marumaru za sakafuni, mabomba yaliyomo ukutani, nyaya za umeme, soketi na swichi. Anayechomoa nyaya ukutani ili auze shaba yake anabomoa nyumba, hata kama hajagusa tofali.

Miti na migomba iliyopandwa ardhini ni ya ardhi. Maua yaliyo kwenye vyungu na ndoo ni ya aliyeyapanda.

Kontena la chuma lililowekwa mbele ya nyumba na kugeuzwa duka huweza kuondolewa kwa winchi likiwa zima, hivyo kwa kawaida linahamishika. Banda la mbao ni suala jingine. Mwaka 1997, katika shauri la Elitestone dhidi ya Morris, Baraza la Malodi la Uingereza lilikataa hoja kwamba nyumba ndogo ya mbao iliyokaa juu ya nguzo za zege bila kufungwa ilikuwa kitu cha kuhamishika. Sababu ilikuwa fupi: isingeweza kuondolewa bila kuvunjwavunjwa. Hukumu hiyo ni miongoni mwa zile za baada ya 1920, lakini hoja yake ni ya akili ya kawaida, na mwenye banda la namna hiyo uani angefanya vyema kuizingatia.

Ndani ya nyumba, msaada mkubwa unatoka katika shauri jingine la Uingereza, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1996, ambalo linahusu hasa hali inayozungumziwa hapa. Benki ya TSB ilikuwa imechukua na kuuza makazi ya mkopaji wa London aliyeshindwa kulipa, na ubishi ukazuka juu ya vitu vilivyokuwamo: vipi vilikuwa sehemu ya dhamana, na vipi vilikuwa mali ya mkopaji.

Mahakama ilivipitia kundi kwa kundi. Kabati za jikoni zilizofungwa ukutani pamoja na meza zake na sinki zilihesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Vifaa vya bafuni, yaani bomba za maji, kichwa cha manyunyu, vyuma vya kutundikia taulo na visahani vya sabuni vilivyofungwa ukutani, navyo vikawa sehemu ya jengo, kwa kuwa bafu bila vitu hivyo si bafu. Lakini mazulia, hata yaliyokatwa kwa vipimo vya chumba, na mapazia yalikuwa ya mkopaji. Jokofu, jiko, mashine ya kufulia na vinginevyo vya aina hiyo vilikuwa vyake pia, hata kama vilikuwa vimeingizwa katikati ya kabati na kuunganishwa na umeme au maji. Taa katika shauri hilo nazo zilihesabiwa kuwa zake, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba zilifungwa kuwa sehemu ya jengo.

Ukisoma uamuzi huo kwa macho ya nyumba ya Kinondoni au Nyamagana, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Kabati la nguo linalosimama peke yake linaondoka. Lile lililojengewa ndani ya ukuta linabaki. Fimbo ya pazia iliyofungwa kwa skrubu ni ya kubishaniwa, ila pazia lenyewe halina ubishi. Jiko la gesi na mtungi wake vinaondoka. Televisheni inaondoka hata kama imetundikwa ukutani, maana kishikizo chake kiliwekwa kwa ajili ya televisheni na si kwa ajili ya nyumba. Dishi na king'amuzi vinafuata mkondo huo huo.

Pangaboi na kiyoyozi ndivyo vinavyoleta taabu ya kweli. Pangaboi hufungwa kwenye ndoano ya dari na kushushwa kwa dakika chache, kama taa. Hata hivyo limefungwa, na kwa kanuni ya 1872 anayetaka kuliondoa ndiye atakayetakiwa kueleza. Kiyoyozi cha vipande viwili kina mashine ya nje iliyokaa juu ya vyuma, mabomba yaliyotobolewa ukutani na waya wake wa umeme. Kukitoa kunaacha tundu. Wapo wanaokilinganisha na jokofu la mwaka 1996, na hoja yao si dhaifu. Lakini mwenye nyumba anayeingia katika mabishano ya namna hiyo anajadili kitu cha thamani ndogo kwa gharama ya wakili, jambo ambalo halina faida hata akishinda.

Tangi la plastiki linakaa kwa uzito wake. Kanuni inaanza upande wa mkopaji, ila tangi lililo juu ya mnara wa zege uliojengwa kwa ajili yake, likilisha mabomba ya nyumba nzima, linakaribia zaidi kuwa sehemu ya nyumba kuliko pipa lililowekwa chini ya mchirizi wa mvua. Pampu iliyozamishwa kisimani ina nafasi ndogo zaidi ya kuondoka. Jenereta linalosukumwa kwa magurudumu ni la mwenye nyumba. Paneli za sola zilizofungwa kwa bolti kwenye paa na kuunganishwa na nyaya za ukutani zinaelemea upande wa jengo. Ile inayoanikwa uani asubuhi na kuingizwa ndani jioni haimhusu dalali.

Vilivyomo lakini ni vya watu wengine

Mita ya umeme ni mali ya Tanesco, na mita ya maji ni ya mamlaka ya maji. Hizo haziguswi na yeyote kati ya mkopaji, benki na mnunuzi.

Samani za mpangaji ni zake, na deni la mwenye nyumba haliwezi kulipwa kwa kitanda cha mpangaji. Mali ya mke au mume nayo haigeuki kuwa ya mwenzake kwa sababu ya ndoa. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inafaa kukumbuka kwamba Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza katika rehani ya nyumba ya familia, suala ambalo limezaa mashauri mengi, lakini hilo ni la kupinga rehani yenyewe na si la kugawana vitu.

Mtego mkubwa umo katika vitu vilivyochukuliwa kwa malipo ya awamu. Mwaka 1904, katika shauri la Reynolds dhidi ya Ashby, Baraza la Malodi liliamua juu ya mashine ambazo mwenye kiwanda alizichukua kwa mkopo na kuzifunga kwa bolti kwenye sakafu ya zege kabla hajamaliza kuzilipia. Aliyeziuza alisema bado ni zake. Aliyekuwa na rehani ya kiwanda ndiye aliyeshinda, kwa kuwa mashine zilikwisha kuwa sehemu ya jengo. Muuzaji wa kabati za jikoni anayemfungia mteja kwanza na kusubiri malipo baadaye yumo katika hatari hiyo hiyo, na si ajabu akaanza kumdai mkopaji kitu ambacho tayari kimekwenda na nyumba.

Vipo pia vitu vya mkopaji ambavyo ameviweka dhamana kwa njia nyingine. Taasisi zinazotoa mikopo midogo huwaandikisha wakopaji televisheni, sofa na majokofu. Kampuni huweza kuweka dhamana mali zake zote, pamoja na magari na mitambo. Mwenye mkopo wa aina hiyo hawezi kujitetea kwa kusema kuwa jokofu si sehemu ya nyumba. Halikuhitaji kuwa sehemu ya nyumba, lilikwisha tajwa kwa jina. Kwa hiyo, karatasi ya kwanza ya kusomwa si tangazo la mnada bali ni mkataba wa mkopo pamoja na viambatisho vyake vyote.

Hesabu ya anayeng'oa

Wanaong'oa milango huwa na hoja moja: benki inachukua kila kitu, basi angalau tuokoe hiki. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama nyumba ingekuwa imekwisha kuwa ya benki. Haijawa. Fedha za mnada hulipa kodi na tozo zinazodaiwa, gharama za mauzo na deni la benki, kisha kinachobaki, baada ya kulipa wenye rehani nyingine kama wapo, ni cha mkopaji. Zisipotosha, benki inaweza kumdai salio.

Chukua mfano wa hesabu tu. Familia inadaiwa Sh60 milioni, na gharama za mnada ni Sh5 milioni. Nyumba ikiwa nzima inapata mnunuzi wa Sh85 milioni. Familia inapokea Sh20 milioni. Nyumba hiyo hiyo ikiwa haina milango, magrili, kabati wala vyoo, wanunuzi wanakadiria gharama za matengenezo kwa woga, na dau la mwisho linaishia Sh62 milioni. Baada ya gharama, deni linabaki na upungufu wa Sh3 milioni. Vitu vilivyong'olewa vinauzwa kwa bei ya mitumba, tuseme Sh4 milioni. Badala ya kuanza maisha mapya na Sh20 milioni, familia ina Sh4 milioni mkononi na bado inadaiwa Sh3 milioni.

Madhara hayaishii hapo. Sheria inamtaka mkopeshaji anayeuza atafute bei bora inayoweza kupatikana, na endapo nyumba imeuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za soko za mali zinazofanana nayo, inachukuliwa kuwa wajibu huo umevunjwa hadi mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Hii ni silaha nzito ya mkopaji. Lakini ulinganisho unafanywa na mali za aina na ubora ule ule. Aliyeivua nyumba yake milango ameiondoa mwenyewe katika kundi la nyumba nzuri za mtaa, na amempa mkopeshaji maelezo ambayo asingekuwa nayo.

Upo pia upande wa jinai. Kanuni ya Adhabu inasema kitu kisichohamishika kinaweza kuibwa mara tu kinapofanywa kihamishike, hata kama kimefanywa hivyo kwa nia ya kukiiba, na inamtambua mwenye dhamana juu ya kitu kuwa na haki ya kulindwa juu yake. Kuharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria nako ni kosa. Mkopaji aliyemo ndani ya nyumba yake kabla ya mnada anaweza kuwa na utetezi mwingi. Baada ya nyundo ya dalali kugonga, utetezi huo hupungua sana, kwa kuwa sasa analigusa jengo ambalo mtu mwingine amekwisha kulinunua.

Siku zilizopo

Kwa mujibu wa marekebisho yaliyofanywa mwaka 2008 ili kurahisisha mikopo ya nyumba, mkopeshaji anatakiwa kumpa mkopaji aliyeshindwa kulipa notisi ya maandishi, ikieleza kosa lake, namna ya kulirekebisha, na kwamba siku 60 zikipita tangu aipokee, deni lote litadaiwa na nyumba itaweza kuuzwa. Aidha, Sheria ya Madalali inazuia mnada wa ardhi kufanyika kabla ya siku 14 za tangazo la wazi, katika mji mkuu wa wilaya husika na mahali pa mnada, nalo litolewe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza na kutaja jina na makazi ya mmiliki.

Siku hizo ndizo za kuhamisha kwa utulivu kile ambacho hakina ubishi. Samani, vyombo, nguo, vitabu, mashine za kushonea, majokofu na magari si sehemu ya rehani ya nyumba, na hakuna sababu ya kuviacha hadi asubuhi ya kuondolewa, saa ambayo vitu hupotea na kuvunjika barabarani.

Iwapo familia itaondolewa vitu vikiwa bado ndani, havigeuki kuwa vya mnunuzi. Dalali anayevifungia na kuvinadi ili kufidia upungufu, bila amri ya mahakama wala dhamana juu ya vitu hivyo, hana haki hiyo. Hata mahakama inapokamata mali kutekeleza hukumu ya kawaida ya madai, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaviacha nje mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana za fundi. Sheria hiyo pia inaikinga nyumba anayoishi mdaiwa, jambo linalowapa wengi matumaini ya bure: kinga hiyo inahusu ukamataji wa kutekeleza hukumu, ilhali benki inayouza chini ya rehani haiji kwa njia hiyo.

Kwa vitu vyenye ubishi, njia ya busara ni kuuliza kwa maandishi kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Barua fupi kwa benki, ikitaja viyoyozi viwili na tangi moja na kuomba ridhaa ya kuviondoa, na kueleza kuwa matundu yatazibwa, haigharimu kitu. Benki ikikubali, barua yake ni kinga. Ikikataa, mkopaji anajua mpaka ulipo na anaweza kuomba vitu hivyo vithaminiwe.

Wakopeshaji nao wana la kujifunza kutoka Marekani, ambako msukosuko wa mikopo ya nyumba ulioanza mwaka 2007 uliacha nyumba nyingi zikiwa zimeng'olewa mabomba ya shaba, kabati na vifaa vya jikoni. Baadhi ya benki huko zilianza kuwalipa wenye nyumba kiasi cha fedha ili waondoke kwa hiari kwa tarehe iliyokubaliwa na kuiacha nyumba safi na nzima. Ziligundua kuwa kumlipia mtu gari la kuhamia ni rahisi kuliko kununua jiko jipya. Hakuna kinachozuia makubaliano ya namna hiyo hapa nchini, isipokuwa uhasama ambao pande zote mbili huwa zimekwisha uzoea hadi siku ya mnada.

Kwa wenye nyumba nchini Kenya, kanuni ya vitu vilivyofungwa ni ile ile, kwa kuwa nako misingi ya sheria za Uingereza ilipokewa, ila ya tarehe ya Agosti 12, 1897. Muda ndio unaotofautiana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ya huko inatoa siku 90 za kurekebisha kosa, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na kanuni za madalali zinaongeza siku 45 za kukomboa nyumba.

Siku ya kuondoka, orodha ya vilivyobaki na vilivyochukuliwa iandikwe chumba kwa chumba, pamoja na picha zenye tarehe, na isainiwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mara nyingi ndiye anayeombwa kushuhudia makabidhiano. Nakala moja abaki nayo mkopaji. Ataihitaji iwapo mnunuzi atadai kwamba alikuta nyumba haina masinki, na ataihitaji tena atakapokwenda benki kuomba hesabu ya mauzo: nyumba iliuzwa kwa kiasi gani, dalali alilipwa kiasi gani, na salio lake liko wapi.